Mafuta Yaleyale

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, ndani ya ua wa Kabaka Mwanga huko Munyonyo, kijana mmoja aliwakusanya wenzake waliokuwa wakitumika ikulu. Mchana ule Kabaka alikuwa amemchoma mkuki mtumishi wake, Denis Ssebuggwawo, baada ya kugundua kwamba alikuwa akimfundisha dini mwenzake. Kila aliyelala uani usiku ule alijua kesho ingeleta nini. Baadhi ya vijana wale walikuwa wakatekumeni: walishafundishwa, walishaomba ubatizo, lakini hawajabatizwa. Padre hakuwepo wala hapakuwa na njia ya kumfikia. Karoli Lwanga akachukua maji, akawabatiza. Mmoja wao alikuwa Kizito, mdogo kuliko wote, wa miaka kama 14.

Lwanga mwenyewe alikuwa amebatizwa tarehe 15 Novemba 1885, siku ileile aliyouawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyemtangulia kuwaongoza vijana hao. Kwa hiyo aliyebatiza alikuwa mbatizwa wa miezi 6 tu. Hakuwa padre, hakuwa shemasi, wala hakuna askofu aliyewahi kumwekea mikono kichwani. Padre Siméon Lourdel alifika Munyonyo kulipokucha, na hakuweza ila kuwatazama wakipelekwa wamefungwa. Tarehe 3 Juni wengi wao wakachomwa moto Namugongo.

Kisa hiki tunakijua sote, na kila mwaka tunakisimulia kwa habari za ushujaa na moto. Ule ubatizo wa usiku tunaupita haraka, kana kwamba ulikuwa jambo dogo lililofanyika njiani kuelekea kwenye jambo kubwa. Mimi naona ndipo penye somo la kwanza la sura hii. Kanisa limefundisha tangu kale kwamba penye hatari ya kifo mtu yeyote mwenye nia sahihi aweza kubatiza, na Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinalisema hilo waziwazi. Lakini Lwanga hakuzuka tu usiku ule kama mtu wa dharura. Alikuwa ametokea katika jumuiya iliyokwisha kuzoea kuishi bila padre.

Wamisionari wa Afrika, ambao wengi tunawaita Mapadre Weupe, walifika Buganda mwaka 1879. Mwaka 1880 wakabatiza watu wa kwanza, na Novemba 1882 wakaondoka kwa sababu ya hatari, wakavuka ziwa kuelekea kusini. Hawakurudi hadi Julai 1885. Katika muda huo wote Kanisa la Buganda lilikuwa Kanisa la walei watupu. Balikuddembe alifundisha ikulu. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, alifundisha nyumbani kwake. Huko Mityana, Matia Kalemba Mulumba na Luka Banabakintu waliwakusanya watu Jumapili kwa sala na mafundisho. Mapadre waliporudi walikuta waumini wamekuwa wengi kuliko waliowaacha. Mtu akitaka kujua Kanisa Katoliki lilivyoota mizizi upande huu wa dunia, aanzie kwenye ile miaka mitatu kasoro ambayo hapakuwa na Misa hata moja.

Simaanishi kwamba walikuwa na kila kitu. Walikosa Ekaristi, walikosa Kitubio, na waliposikia mapadre wamerudi waliwakimbilia. Njaa ile ilikuwa ya kweli. Ila walichokuwa nacho hawakukiazima kwa mtu. Walikipata kwenye maji, na hakuna aliyewaambia wangoje ruhusa ya kukitumia.

Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi hao kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, maaskofu wa dunia nzima wakiwa Roma kwa kikao cha tatu cha Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwezi mmoja na siku chache baadaye, tarehe 21 Novemba, Mtaguso ukatoa hati yake kuhusu Kanisa, Lumen Gentium. Hati hiyo ina historia ambayo kila mwenyekiti wa jumuiya angepaswa kuijua. Rasimu zake za awali zilipanga mambo kama ilivyozoeleka: kwanza maaskofu na daraja, kisha waliobaki. Maaskofu wakazijadili na kuzigeuza. Sura ya pili ikawa juu ya Taifa la Mungu lote, yaani wabatizwa wote, tangu Papa hadi mtoto aliyebatizwa jana, na ile ya uongozi wa daraja ikaja ya tatu. Mpangilio huo ulibeba mafundisho mazito kuliko kurasa nyingi za maelezo, maana mtu akishasoma habari za mwili mzima kwanza, anamwelewa padre akiwa ndani yake.

Ili kuona umbali uliokuwa umesafiriwa, tazama mwaka 1906. Papa Pius wa Kumi, akiandika kwa Wafaransa baada ya serikali yao kutenganisha Kanisa na dola, alieleza kwamba Kanisa ni jamii ya watu wa madaraja mawili, wachungaji na kundi, na kwamba wajibu wa kundi ni kukubali kuongozwa na kufuata. Kati ya barua ile na Lumen Gentium ni miaka 58 tu. Babu zetu wengi walifundishwa katekisimu katika roho ya ile barua, na nadhani ndiyo maana hadi leo mzee wa kanisa aliyeendesha kigango miaka na miaka akiulizwa kazi yake anajibu, "Mimi namsaidia padre tu."

Jibu hilo lina unyenyekevu, na unyenyekevu ni fadhila. Lakini kama maelezo ya imani lina kasoro, na kasoro yenyewe huonekana vizuri zaidi ukisimama karibu na kisima cha ubatizo.

Mtoto ameshamwagiwa maji mara tatu. Analia. Mama anamfuta uso kwa ncha ya kitenge, msimamizi ameshika mshumaa ambao bado haujawashwa. Padre anachukua kichupa kidogo cha krisma, analoweka kidole, anampaka mtoto utosini huku akisali sala inayomtaja Kristo kuwa Kuhani, Nabii na Mfalme, na kumweka mtoto huyu mahali hapohapo, kiungo cha mwili huo. Harufu ya manukato inabaki nyweleni mwa mtoto hadi jioni. Kisha kitambaa cheupe, kisha mwanga wa mshumaa wa Pasaka, na familia inatoka nje kupiga picha.

Krisma hiyo iliwekwa wakfu na askofu wa jimbo katika Misa ya Krisma, inayoadhimishwa Alhamisi Kuu au siku iliyo karibu nayo, mapadre wake wakiwa wamemzunguka, kisha ikagawiwa kwenye parokia zote. Mafuta yaleyale hutumika katika Kipaimara. Ni hayohayo yanayopakwa viganja vya padre mpya siku ya upadrisho, na hayohayo humiminwa kichwani mwa askofu siku anapowekwa wakfu. Hakuna krisma ya daraja la kwanza kwa makleri na ya daraja la pili kwa sisi wengine. Mikono ya padre inapakwa mafuta ambayo utosi wake ulishayapata kitambo, siku alipokuwa akilia mikononi mwa mama yake.

Hapa inabidi kusema kwa uangalifu, maana wako wanaosikia maneno haya wakadhani padre anaondolewa. Mtaguso ulifundisha kwamba ukuhani wa wabatizwa wote na ukuhani wa daraja unatofautiana kwa asili yake wenyewe. Padre si mlei aliyezidishiwa kipimo, wala mlei si padre aliyepunjwa. Lakini fundisho hilohilo linasema kwamba aina hizi mbili za ukuhani zinaelekeana, kila moja kwa namna yake ikishiriki ukuhani mmoja wa Kristo. Padre anaadhimisha Ekaristi ili wabatizwa wote waweze kuyatoa maisha yao pamoja na Kristo. Bila hao, daraja lake linakosa kazi. Yves Congar, Mdominikani Mfaransa aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu walei mwaka 1953 na kuusaidia sana Mtaguso, baadaye alikiri kwamba alikuwa ameanzia pasipofaa: alimweleza mlei kwa kumlinganisha na padre. Mwaka 1971 aliandika kwamba ni heri kuanza na jumuiya nzima yenye huduma nyingi, halafu ndani yake kutafuta nafasi ya kila mmoja, padre akiwamo.

Kanisa la Afrika Mashariki lilijaribu kuanza hivyo. AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa ukanda huu, lilifanya mkutano wake wa mwaka 1973 Nairobi likipanga utume wa miaka ya 1980, na likaamua kwamba maisha ya Kanisa lazima yajengwe juu ya jumuiya ndogo za mahali watu wanapoishi na kufanya kazi kila siku. Mwaka 1976 likaufanya ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele. Maaskofu waliokaa Nairobi walikuwa wakifikiri jinsi ya kuwa Kanisa. Upungufu wa mapadre ulikuwepo, lakini haukuwa sababu pekee, na hilo ni muhimu kukumbukwa leo.

Nenda kwenye jumuiya yoyote ya mjini Jumamosi alfajiri. Viti vya plastiki vimepangwa uani, vingine vimeletwa na jirani. Kuna meza ndogo yenye kitambaa, msalaba, mshumaa na Biblia. Mama mmoja anasoma Injili ya Jumapili ijayo. Kimya kinapita, kisha mtu anasema ni neno gani limemgusa na kwa nini, na mara nyingi anayesema ni yule ambaye kanisani hujawahi kusikia sauti yake. Baada ya hapo wanaulizana: mama fulani hajaonekana wiki ya pili, nani amepita kwake? Mzee wa nyumba ya kona amelazwa, tunakwenda lini? Binti wa mwenzetu anaanza mafundisho ya Kipaimara, nani atamsimamia? Kwa nusu saa unaona kazi zote tatu za ile krisma. Wameombeana, wametangaziana Neno, wameshika uongozi wa maisha yao ya pamoja. Wala hakuna aliyevaa kanzu.

Ndiyo maana inaniuma ninapoona jumuiya zikigeuzwa madirisha ya kukusanyia fedha. Katika parokia nyingi mtu akitaka mtoto wake abatizwe, au akitaka kufunga ndoa, viongozi wa jumuiya huulizwa kama wanamfahamu. Wazo lenyewe ni jema na la kale: jumuiya inamshuhudia mwenzao. Lakini ushuhuda ukishakuwa kadi ya michango, na mwenyekiti akishakuwa mtu wa kugonga muhuri kwamba huyu amelipa zaka na yule bado, tumewapa walei sehemu ya mamlaka ya ofisi na kuwanyang'anya huduma yao. Michango ni ya lazima, kanisa halijengwi kwa maneno. Ila mtu aliyefiwa akiulizwa risiti kabla hajapewa pole, kuna kitu cha ubatizo kimevunjika hapo.

Na kigango je? Huko ndiko Kanisa letu linakoishi Jumapili nyingi za mwaka. Katekista anaongoza Ibada ya Neno, anafundisha wakatekumeni, anazika, anapatanisha wanandoa, anakwenda na baiskeli au pikipiki kumwita padre mtu anapokuwa mahututi. Posho yake, pale inapokuwepo, haitoshi kulisha nyumba, kwa hiyo analima kama majirani zake. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko, kwa barua yake Antiquum Ministerium, aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa, inayotolewa na askofu kwa ibada maalumu. Miezi minne kabla, Januari 2021, alikuwa amefungua huduma za usomaji na utumishi wa altareni kwa wanawake. Paulo wa Sita alikuwa amezitoa huduma hizo mbili kwa walei tangu mwaka 1972, ila kwa wanaume peke yao. Sababu aliyoieleza Fransisko ni ileile tunayoifuatilia: huduma hizo zinasimama juu ya ubatizo, na ubatizo wa mwanamke si pungufu. Kwa vigango vyetu, ambako wengi wanaosali na wengi wanaofundisha watoto ni akina mama, hatua hizo zilikuja kuyapa jina mambo yaliyokuwepo.

Hata hivyo kipimo cha huduma ya pamoja hakipatikani Jumapili padre asipokuwepo. Siku hizo walei wanafanya kila kitu kwa sababu hakuna mwingine. Kipimo ni Jumapili padre anapokuja. Nimeona vigango ambako pikipiki ya paroko ikisikika tu, katekista aliyeongoza sala kwa majuma mengi anarudi mlangoni kunyamazisha watoto. Padre anaungamisha, anaadhimisha Misa, anatoa matangazo, anakaa na kamati robo saa, anakula, anaondoka. Hakumuuliza katekista nani mgonjwa. Hakujua kwamba wawili kati ya wale aliowakomunisha walipatana juzi baada ya ugomvi wa shamba, na kwamba upatanisho ule ulikuwa matunda ya kazi ya mlei. Nimeona pia kinyume chake: padre anafika mapema, anakaa chini ya mwembe na katekista na mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), wanampa habari za wiki zote, na mahubiri yake yanatoka hapo. Misa ni ileile, katika sehemu zote mbili. Ila katika ile ya pili watu wanajua kwamba maisha yao ndiyo yaliyopelekwa altareni.

Upande wa pili wa bonde la Kongo kuna jaribio lililokwenda mbali kuliko yetu. Mwaka 1975 Kardinali Joseph-Albert Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alianza kuwakabidhi walei uongozi wa parokia. Aliwaita bakambi. Walikuwa wanaume wenye ndoa, waliopata mafunzo ya teolojia na uchungaji, na kila mmoja alifanya kazi pamoja na padre aliyehudumia sakramenti na kuwalea kiroho. Mokambi, yaani mmoja wa bakambi, aliendesha parokia, akapanga utume, akasimamia mali. Malula alitaka Kanisa la Kiafrika lenye sura ya Kiafrika, na aliamini mlei mwenye familia ni sehemu ya sura hiyo. Miaka 8 baadaye Sheria za Kanisa ziliweka kipengele kinachomruhusu askofu, penye upungufu wa mapadre, kumshirikisha mtu asiye padre katika uchungaji wa parokia, huku padre mmoja akiwa msimamizi. Nakishukuru kipengele hicho, lakini kinaanza na neno "upungufu". Malula hakuanzia hapo, na naamini alikuwa karibu zaidi na kisima cha ubatizo.

Wenzetu wasio Wakatoliki walilijua jambo hili kwa njia zao. Martin Luther alishaandika mwaka 1520 kwamba ubatizo unawafanya Wakristo wote kuwa makuhani, na sharika za Kilutheri nchini Tanzania hazingesimama bila wainjilisti. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka kutoka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930, ulibebwa na watu kama Simeoni Nsibambi wa Uganda, mlei, na rafiki yake Joe Church, daktari. Na mwaka 1982 tume ya Imani na Utaratibu ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni ilipokutana Lima, Peru, na kukamilisha hati yake juu ya ubatizo, Ekaristi na huduma, sehemu ya huduma ilianza na wito wa watu wote wa Mungu ndipo ikafika kwa waliowekewa mikono. Mpangilio uleule wa Lumen Gentium.

Kuna hatari moja ambayo sharti itajwe. Tukisema huduma ya mlei, mawazo yetu yanakimbilia altareni: nani asome, nani agawe Komunyo, nani avae joho. Huko ni kumfanya mlei kasisi mdogo. Adrian Atiman hakuwa hivyo. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe kule Algeria, akabatizwa mwaka 1882, akasomeshwa utabibu Malta. Kardinali Lavigerie alitaka Waafrika matabibu-makatekista, wenye kuoa na kuishi kati ya watu. Atiman akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Akaoa huko, akatibu huko, akafia huko mwaka 1956. Miaka 67 ya kufunga vidonda na kufundisha imani kwa kitanda cha mgonjwa. Mtoto wake Joseph alikuwa padre. Katika nyumba ile moja palikuwa na huduma mbili, na sidhani baba alijiona msaidizi wa mwanawe.

Mtu huyo ndiye ninayemfikiria ninaposoma habari za Sinodi ya 2023 na 2024, ambako kwa mara ya kwanza walei, wanawake kwa wanaume, walipiga kura pamoja na maaskofu. Hati yake ya mwisho, ya Oktoba 2024, inaanza hoja zake kwenye ubatizo, na inataka mabaraza ya ushauri yawe ya lazima na viongozi wawajibike kwa jumuiya zao. Kwa sheria ya sasa kila parokia inatakiwa kuwa na kamati ya fedha, ilhali halmashauri ya kichungaji inategemea uamuzi wa askofu na hutoa ushauri tu. Maana yake ni kwamba sheria inatulazimisha kuhesabu sadaka pamoja, na bado haitulazimishi kupanga utume pamoja.

Mahali pa kuanzia pasipohitaji sheria mpya ni malezi ya mapadre. Katika ibada ya upadrisho askofu huuliza kama wanaowekwa mbele yake wanastahili, na anajibiwa kwamba Taifa la Mungu limeulizwa. Majina yao yametangazwa parokiani, watu wameombwa kusema kama wanajua kizuizi. Kwa hiyo sauti ya wabatizwa imo tayari ndani ya daraja lenyewe. Tuipe uzito. Mfrateri anapokwenda mwaka wa uchungaji, asikae parokiani karibu na paroko peke yake. Akae kigangoni chini ya katekista, aende jumuiya kila wiki kama mwanajumuiya, azike naye, amsindikize kwa wagonjwa. Na mwaka ukiisha, taarifa inayokwenda seminari iwe na saini tatu: ya paroko, ya katekista na ya mama mwenyekiti wa jumuiya alikosali. Maswali yao yawe ya kawaida kabisa. Alisikiliza? Aliomba ushauri kabla ya kuamua? Watoto walimzoea? Alipokosea, alijua kuomba radhi? Askofu akiwa na majibu hayo mezani, lile jibu la "wameulizwa" litakuwa na watu ndani yake.